Naomba ushauri: kukodi nyumba ya kale mashambani, ya kujipikia wenyewe

Wakuu, habari zenu. Tunataka kukodi nyumba ya kale mashambani kwa wiki moja, tujipikie wenyewe. Kuta nene za mawe na chokaa, milango mifupi, ngazi imesimama wima. Picha zinavutia mno, ila mama ana miaka 74 na magoti yanamsumbua.

Kinachonitia hofu zaidi ni jiko la kuni, ndilo pekee la kupasha joto. Nimeuliza kama kuna king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto, nikajibiwa "madirisha yanapitisha hewa". Jibu gani hilo jamani?

Mliowahi kukaa nyumba kama hizi, mlitaka nini kwa maandishi kabla ya kulipa amana? Shuka na kuni huwemo kwenye kodi?