Kusi la Julai, Kilifi: boti ya kukodi itoke?

Baba Wawili: Wadau, Jumamosi nimekodi boti na wanangu. Kusi, upepo wa kusini, linavuma, nahodha asema tutavua ndani ya mwamba tu. Kuna samaki kweli?

Mzee wa Chubwi: Wapo. Tokeni alfajiri kabla upepo haujapanda. Changu na chewa, mshipi wa mkono, chambo ngisi, chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) nzito maana mkondo unabeba. Bahari ikichafuka ingieni kriki, mkono wa bahari uliotulia, mpite chini ya daraja. Maji yakijaa kolekole hula. Sulisuli sahau mpaka msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini.

Mama Ngisi: Mlangoni mwa kriki, maji yakitoka huku kusi lasukuma ndani, wimbi linasimama wima. Nahodha akikataa kutoka nje, usimbembeleze.

Baba Wawili: Na kutapika?

Mzee wa Chubwi: Tangawizi. Watoto wakae tezi, nyuma ya boti; omo, mbele, inarusha.