Samaki wangu gobi anayechekecha mchanga anakonda, tangi ni la lita 110

MbeyaBaharini (Forest Mpya, Mbeya)

Wakuu salaam. Nina tangi la maji chumvi la lita 110, lipo sebuleni, linaelekea kutimiza mwaka. Ndani kuna mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na vidudu), samaki klauni wawili, konokono kadhaa, na gobi mmoja mweupe mwenye kichwa cha njano na mstari wa buluu chini ya jicho. Huyo gobi ndiye aliyenileta hapa.

Alikuja kwa basi kutoka Dar kwenye mfuko wa oksijeni, na mfuko ulifika umevimba umekaza mpaka nikaogopa utapasuka. Alijificha kidogo, halafu akaanza kazi. Anazamisha mdomo kwenye mchanga, anajaza mashavu, ananyanyuka kidogo, mchanga unamwagika kwenye matamvua huku taya zikitafuna. Kutwa nzima ni hivyo. Ule utando wa kahawia juu ya mchanga umekwisha, chini kumekuwa kweupe.

Ila sasa tumbo limebonyea. Nikimtazama kwa juu, mwili nyuma ya kichwa umekuwa mwembamba kuliko kichwa chenyewe. Klauni wao wananenepa. Nalisha mara moja kwa siku, jioni nikitoka kazini, kile chakula cha vipande kinachoelea. Vipimo vya leo: chumvi 1.025, amonia 0, nitriti 0, nitreti 10. Joto mchana ni 25, lakini asubuhi hizi za Juni nakuta 22. Mchanga ni wa matumbawe, chembe za wastani, kina cha sentimeta 3.

Naombeni msaada kabla sijampoteza.

Mlandege80 (Iringa)

Pole mkuu. Hapo mchanga umechoka. Utoe wote, uoshe kwa maji ya bomba mpaka maji yatoke safi, kisha urudishe. Na weka dawa ya minyoo, kukonda hivyo huwa ni minyoo.

Pwani_hadi_Kihesa (Iringa)

Kamwene. MbeyaBaharini, tafadhali sana, mchanga huo usiuoshe. Mlandege80 amekujibu kwa nia njema, lakini maji ya bomba yenye klorini yataua bakteria wanaoshughulikia amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, na yatamaliza vidudu vichache vilivyobaki, ambavyo ndivyo chakula chenyewe cha samaki wako. Kwa maelezo yako, huyo ana njaa.

Nimefuga gobi wa aina hii nikiwa Dar, na nilipohamia Iringa nimeendelea nao. Kitu kinachoniuma ni jinsi wanavyouzwa kwa sifa ya kusafisha mchanga, hadi mnunuzi anaamini kwamba wanaishi kwa kula uchafu. Hawali uchafu. Wanatafuta kopepodi na amfipodi (vidudu vidogo jamii ya kamba), minyoo midogo na viumbe vingine vinavyojificha kati ya chembe. Mdomo unachota, vichujio vya kwenye matamvua vinazuia kinacholika, mchanga unatoka pembeni. Baharini ana uwanja mpana kando ya miamba, akimaliza hapa anahamia pale, na nyuma yake vidudu vinazaliana upya. Kwako, sakafu ya tangi zima haifiki nusu mita ya mraba, tena mawe yamekalia sehemu yake. Anapita palepale kila saa, vidudu havipati nafasi ya kuzaliana. Huo mchanga mweupe ni sahani iliyokwisha kulambwa.

Na chakula cha vipande hakimsaidii. Kinaelea, klauni wanakidaka juu, chini hakifiki kitu.

Kwa hiyo anza na kumlisha, leo hii. Nunua kamba wabichi sokoni, wale wanaoletwa na barafu kutoka Pwani, wasiotiwa chumvi wala viungo. Wagandishe. Kila mlo kwaruza kipande kidogo kikiwa bado kigumu, utapata chembe ndogo ndogo. Zisuuze kwenye chujio la chai ili ule ute usiingie tangini. Tafuta bomba la sindano kubwa la mililita 20 au 50, bila sindano yenyewe, na mbele yake uchomeke mrija mgumu wa plastiki unaofika chini. Zima pampu. Wape kwanza klauni kwenye kona yao, wakishughulika huko, shusha mrija karibu na shimo la gobi na usukume taratibu sana, chakula kikae juu ya mchanga au kizame kidogo ndani yake. Usimimine kwa nguvu, atakimbia. Mara za mwanzo anaweza kujificha, wewe acha chakula hapo dakika chache na usogee mbali na kioo. Akichota mchanga wenye kamba utaona taya zinafanya kazi tofauti, anasimama kutafuna. Hapo umempata.

Mara tatu kwa siku, nne ikiwezekana, kidogo kidogo. Kabla ya kwenda kazini, unaporudi, na kabla ya kulala. Mlo mmoja mkubwa wa jioni hautoshi, kwa sababu kiumbe huyu ameumbwa kula siku nzima kwa punje. Kinachobaki kivute kwa mrija uleule, maana chakula kingi kitapandisha nitreti. Badilisha lita 15 za maji kila wiki na uendelee kupima.

Sasa mchanga. Chembe za wastani za matumbawe zina kona kali, na yeye zinapita mdomoni na kwenye matamvua kutwa nzima. Anahitaji mchanga laini, chembe chini ya milimita 1, kina cha sentimeta 5 au zaidi. Mchanga mpya, mkavu, huo ndio unaouosha kabla ya kuuweka. Ongeza kona moja kwa wakati, usigeuze tangi lote kwa siku moja. Halafu angalia mawe yamekaa wapi. Kama yamekaa juu ya mchanga, siku moja atachimba chini yake na jiwe litamlalia. Mawe yakae juu ya kioo, mchanga uzunguke.

Kuhusu mfuko uliovimba: ulifungwa usawa wa bahari ukafika Mbeya, karibu mita 1,700 juu. Huko kwenu, kama huku kwetu, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho. Watu wa Dar wakikwambia pampu fulani inatosha, wanasema ya Dar. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike vizuri, usiku na mchana. Usifunike tangi kwa kioo. Gobi hawa huruka, kwa hiyo kifuniko ni lazima, lakini tumia wavu wa dirishani kwenye fremu ili hewa ipite. Maji yatapungua haraka zaidi. Yanayopotea hewani ni maji matupu, chumvi inabaki, basi jazia maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usijazie maji ya chumvi.

Joto la 22 peke yake si la kumuua. Lakini kupanda na kushuka digrii tatu kila siku kunamchosha, na samaki aliyekwisha kukonda hana akiba. Weka hita yenye kidhibiti joto, ikae 25 hapo, na nyuma ya tangi ubandike godoro jembamba au shuka nzito mpaka Agosti ipite.

Minyoo inawezekana, siipuuzi. Lakini mpe chakula kwanza. Akila vizuri wiki mbili au tatu na tumbo likabaki limebonyea, au choo chake kiwe cheupe kama uzi, hapo tuongee dawa, tena kwenye chombo cha pembeni chenye bakuli la mchanga. Prazikwanteli inafanya kazi kwa minyoo bapa na tegu, kwa minyoo ya duara haisaidii, kwa hiyo kumwaga dawa bila kujua ni kubahatisha. Na dawa yenye shaba isiingie kabisa kwenye tangi hilo, itamaliza konokono wako.

Neno la mwisho kwa leo, na nalisema kwa kumhurumia huyo samaki: kama ni yule ninayemdhani, Valenciennea strigata, hukua kufikia sentimeta 18. Lita 110 zitamtunza kwa muda, akiwa analishwa kwa mkono. Anza kumtafutia tangi kubwa.

Matema_Ziwani (Kyela)

Mimi ni mtu wa maji baridi, ila mada imenigusa. Huku Ziwa Nyasa tuna samaki wenye tabia hiyohiyo, jamii ya Lethrinops na yule mkubwa Fossorochromis rostratus, wanachota mchanga na kuutoa kwenye matamvua. Ukikaa majini umetulia kule Matema unawaona. Kuna na yule wa buluu mwenye nundu kichwani, Cyrtocara moorii, anawafuata nyuma kuokota wanachokitimua. Wote hawatulii mahali pamoja, kwa hiyo anachosema mkuu wa Kihesa nakiafiki kabisa.

Swali kwake: je, mtu hawezi kutenga sehemu ya mchanga vidudu vizaliane?

Pwani_hadi_Kihesa

Anaweza, na ndicho ninachofanya. Nina boksi dogo pembeni ya tangi, maji yanaingia na kurudi kwa pampu ndogo. Ndani kuna mchanga laini, vipande vya mawe hai na mwani wa nyuzi, taa inawaka usiku. Samaki hafiki humo. Ukimulika kwa tochi utaona kopepodi wamejaa kwenye kioo, vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Wengine wanasombwa na maji kwenda tangini, na mara mojamoja nachota kijiko cha mchanga wa boksi namwagia gobi mwenyewe. Kwa tangi dogo, boksi hilo si anasa. Lakini hata ukiwa nalo, kulisha kwa mkono kunaendelea.

MbeyaBaharini

Ndaga fijo wakuu. Nimefuata. Kamba nimewapata Mwanjelwa. Mwanzoni alikimbilia chini ya jiwe, klauni wakafika kabla yake. Nilipoanza kuwapa wao kwanza, akatoka, na sasa nikishusha mrija anakuja mwenyewe. Tumbo bado halijajaa ila ule mbonyeo umepungua, hasa karibu na mapezi. Hita imeshika 25. Boksi nalitafutia fundi wa vioo.

Mawili yamebaki. Umeme ukikatika usiku nifanyeje? Na nimeambiwa samaki hawa hukaa wawiliwawili, nimwongezee mwenzake?

Pwani_hadi_Kihesa

Nimefurahi sana kusikia anakuja kwenye mrija, hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote.

Umeme: nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Kwa mwinuko wetu hicho ndicho kifaa cha kwanza kabla ya taa au mapambo. Funika tangi kwa blanketi pembeni, acha juu wazi, na usilishe mpaka umeme urudi.

Mwenzake, hapana. Ni kweli baharini hukaa jozi na hushikamana, lakini kwa mchanga wako midomo miwili itamaliza kila kitu mara mbili upesi. Tena wawili wasiojuana wanaweza kupigana. Huyu akipata tangi la lita 300 na kuendelea, tutazungumza.

Na akishahamia huko, hilo la lita 110 linamfaa gobi wa jamii ya Cryptocentrus, anayeishi shimoni pamoja na kamba mchimbaji. Yule hungoja chakula kipite mbele yake, hategemei kuchekecha. Mchanga utachimbwachimbwa na konokono wa Nassarius, na nao watupie kipande cha kamba mara moja moja, wanakula nyama.