Risasi zimepigwa ndani ya nyumba ya kupanga, nani analipa usafi na ukarabati?

BabaTatu_Nakuru
Wadau, habari. Napanga Kiamunyi. Ijumaa usiku majambazi walivunja mlango, wakampiga shemeji yangu risasi ya paja. Yuko wodini, anaendelea vizuri. Polisi wamepiga picha, wameokota maganda, wakaenda. Damu wametuachia sisi. Imelowesha kochi na godoro, na sakafu ni simiti tupu. Risasi moja imetoboa dari, nyingine imekwama ukutani. Kampuni ya usafi inataka elfu 18, fundi 6,500 bila mlango. Mwenye nyumba anasema nisipolipa atakata diposit. Nifanyeje?

MamaPishori
Woi, poleni sana. Shemeji amejaziwa P3, ile fomu ya polisi ya majeraha?

Nesi_Kisumu
Pole ndugu yangu. Elfu 18 ziweke kwanza, kazi hii mnaiweza, ila asifanye mwenye kidonda mkononi. Vaeni glavu nzito na gambuti. Damu iliyokauka msiikwangue, ilowesheni na maji baridi. Ya moto huifanya ishike. Mkishafuta, chukueni Jik (dawa ya klorini ya kuondoa madoa) ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, mwageni, ikae dakika kumi. Msichanganye na dawa ya choo hata kidogo! Inatoa hewa ya sumu. Godoro halioshiki. Simiti tupu hunywa damu, kwa hiyo harufu ikirudi fundi abandue ile tabaka ya juu apige upya.

Plasta_na_Rangi
Fundi asiguse ukuta bado. Risasi iliyokwama ni ushahidi. Rudi kituoni na namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), afisa wa upelelezi aje aitoe, na umuulize kama godoro na kochi vinaweza kutolewa. Niliwahi kuitwa kupiga plasta kazi kama hii, nikakataa, mteja akaniona mjeuri.

Keja4Sale
Landilodi naye! Mende wakizaa atakata diposit.

Wakili_wa_Mtaani
Diposit ni ya uharibifu wako, si wa jambazi. Soma mkataba, kisha muulize kama jengo lina bima. Nyingine hulipia mlango na dari vikivunjwa na wezi, lakini watadai abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuthibitisha uliripoti. Piga picha za kila tundu leo. Risiti usitupe, hata ya Jik.

BabaTatu_Nakuru
Asanteni. Kesho asubuhi niko kituoni. P3 bado, nitaulizia hapo hapo. Mama watoto amehamia kwa dada yake mtaa wa Naka, anasema hata ipakwe rangi gani hatalala tena chumba hicho.