Naomba ushauri: nataka watoto wasomee hapa nyumbani, darasa liwe ranchi yetu

Lambo la Mzee
Wakuu habari za jioni. Nina watoto wawili, kijana ana miaka 11 na binti ana 8. Tunaishi wilaya ya Kongwa kwenye eneo aliloacha marehemu mzee, siyo kubwa kama ile ranchi ya serikali ila tuna ng'ombe chotara wa Boran, mbuzi, kondoo na lambo letu wenyewe. Nina wazo la kuwafundisha hapahapa maana shule iko kilometa saba na darasani wamejaa, mtoto anarudi ukimuuliza umesoma nini anakuangalia tu. Hapa nyumbani tukichinja mbuzi wanaona figo, nyongo na vyumba vinne vya tumbo kwa macho yao. Juzi kijana kampima ndama wetu kwa tepu ya fundi cherehani, mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele sentimita 150, urefu kutoka bega mpaka mfupa wa makalio 130, akazidisha kifua mara kifua mara urefu, akagawanya kwa 10,840, akapata kilo 270. Peke yake! Naombeni ushauri, ninunue vitabu gani na ratiba ya siku niipangeje? Natanguliza shukrani.

Mwl Mstaafu
Ndugu yangu, kabla ya vitabu. Wako darasa la ngapi na sasa hivi wanakwenda shule?

Msukuma wa Meatu
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe, jioni wakiingia zizini nilikuwa sihesabu, naangalia kundi tu najua yule mwenye pembe iliyopinda hayupo narudi porini kumtafuta. Baba alitugawa, mimi nikachunga, kaka akapelekwa shule. Leo kaka ndiye anayekuja kuwachanja ng'ombe wangu na dawa anaisoma maandishi yote kwenye chupa, mimi mpaka nimuite mtoto wa jirani anisomee. Sina kinyongo na mzee, lakini ukinambia ng'ombe ni shule nitakwambia ni shule kweli ila haitoi cheti.

Mama Pacha
Mtoto anahitaji wenzake jamani, acheze rede, agombane, apatane. Huko porini ataongea na nani, mbuzi? Tena wazazi wa siku hizi mnapenda kuwafanyia watoto majaribio.

Lambo la Mzee
Asanteni. Dada Mama Pacha wenzao wapo, Jumapili kanisani wanakutana. Lakini swali langu ni vitabu na ratiba.

Mwl Mstaafu
Hujanijibu. Nauliza kwa sababu Sheria ya Elimu ya 1978 kifungu cha 35 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto kuanzia miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Sasa wako shuleni au wameshatoka?

Kibuyu
Hapo mwalimu kagusa penyewe, tunasubiri jibu 😂

Lambo la Mzee
Sawa. Kijana ni wa darasa la tano, binti wa pili. Hawajaenda tangu shule zifunguliwe baada ya likizo ya Juni. Mchungaji aliondoka bila kuaga kwenda machimboni na mimi mgongo hauniruhusu kutembea kutwa na kundi. Mtendaji ameleta barua ya wito. Lakini naomba mnielewe, wazo la kuwafundisha mwenyewe nilikuwa nalo hata kabla ya huyo mchungaji kuondoka, haya mengine yamekutana tu.

Kibuyu
Kwa hiyo mchungaji kaondoka na fimbo kashika mtoto wa miaka 11. Mkuu, hiyo ni kazi uliyoipa jina la shule.

Lambo la Mzee
Siyo hivyo. Ng'ombe wakishakunywa saa saba tunakaa chini ya mkwaju na madaftari mpaka wapoe waanze kula tena. Wiki iliyopita yeye ndiye alisema mtamba mwekundu anaumwa, alipitisha mkono chini ya sikio akakuta tezi imevimba kama yai, masikio ya moto, akaniambia baba hii ndigana kali. Nikamwita daktari akathibitisha, kachomwa sindano siku hiyohiyo. Darasani na watoto tisini angejua hilo lini? Na mama yao yuko upande wangu.

Mfanyabiashara Pugu
Samahani wakuu, huo uzi ni CHAI, hadithi ya kutunga. Nimenunua ng'ombe mnadani Pugu miaka na miaka, hakuna ndama wa kilo 270. Akaunti mpya, mgongo mbovu, mchungaji katoroka, mtoto daktari. Hapo bado jini wa lambo.

Kibuyu
Nilikuwa nahisi. Leteni vitafunwa.

Mama Pacha
Na ranchi huko porini mtandao umeupata wapi usiku huu?

Lambo la Mzee
Mtandao nimepanda kwenye kitako cha tenki la maji ndiyo unashika, simu nachaji kwa sola. Ndama ni jina lake la nyumbani, tulimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, ni maksai wa miaka miwili. Sina sababu ya kudanganya, nimeitwa kwa mtendaji Jumatano na nimekosa usingizi.

Afisa Mifugo Mstahiki
Nimepiga hesabu, 150 mara 150 mara 130 gawanya kwa 10,840 ni 269.8. Kijana yuko sahihi, na kwa maksai chotara wa umri huo uzito unaingia akilini. Hii siyo chai. Na kama kweli alishika tezi mwenyewe, wengine tulifundishwa hilo chuoni. Sasa nikwambie kaka kinachoniuma. Mtoto kama huyo namuona LITA, chuo cha mifugo, pale Mpwapwa ni jirani zenu kabisa, baadaye SUA, chuo kikuu cha kilimo. Lakini LITA wanadai cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo ya sayansi. Akikosa kumaliza msingi ataanza kuhangaika na mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, maabara ataipata wapi? Unamnyima kazi ileile anayoipenda.

Mwl Mstaafu
Tena kama alikuwa la tatu 2024 yuko kwenye mtaala mpya, anamaliza msingi akiwa la sita, 2027. Hapo ni karibu sana, usimkatishe. Usingoje Jumatano, nenda kesho kwa mwalimu mkuu na lile daftari la vipimo, akaone mtoto hakukaa bure. Hayo ya tepu na tezi yafanye Jumamosi na likizo, hakuna atakayekukataza.

Lambo la Mzee
Nimekusikia mwalimu. Binti nitamrudisha kesho. Kijana naomba abaki mpaka nipate mtu wa kushika kundi, nikiwaacha ng'ombe bila mtu wataingia kwenye mtama wa watu, faini zake mnazijua.

Mwl Mstaafu
Wote wawili, ndugu yangu.

Kibuyu
Wote wawili. Na mimi nafuta neno la vitafunwa.

Msukuma wa Meatu
Mkuu, binamu yangu yuko Kibaigwa anapakia magunia pale soko la mahindi, kazi imepungua. Amechunga tangu mdogo. Njoo inbox nikupe namba yake.

Lambo la Mzee
Nakuja sasa hivi. Anajua kuogesha kwa pampu ya mgongoni? Josho letu limepasuka.

Msukuma wa Meatu
Anajua. Ila mshahara mwambie mapema, na alale ndani siyo zizini.