Naomba ushauri: ishara ya angani na vifo vya wanasayansi, mpelelezi aanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya upelelezi na nimekwama sura ya tatu. Darubini ya redio inanasa ishara isiyoeleweka kutoka angani, kisha wanasayansi walioichambua wanaanza kufa mmoja mmoja: huyu ajalini, yule usingizini.

Upande wa ishara nina pa kushika. Tarehe 15 Agosti 1977, darubini ya Big Ear kule Ohio, Marekani, ilinasa ishara kali kwa sekunde 72, karibu na megahezi 1420, masafa ya mawimbi ya redio yanayotolewa na gesi ya hidrojeni. Mwanaastronomia Jerry Ehman alipoiona kwenye karatasi ya kompyuta akaandika pembeni "Wow!". Ila kuna kisa cha darubini ya redio ya Parkes, Australia: miaka kadhaa walisumbuliwa na ishara za ajabu, mwaka 2015 ikabainika ni oveni ya maikrowevu inayofunguliwa kabla haijamaliza kazi! Nilicheka peke yangu. Sasa mpelelezi wangu aanzie jikoni, au nitaua taharuki?

Kinachonitesa hasa ni vifo. Mradi wenye watu mia, wengi wao wazee, utazika tu watu kadhaa bila mkono wa mtu. Mpelelezi makini anatofautishaje sadfa na mauaji? Adai kwanza ripoti za uchunguzi wa maiti, au atafute nani alinufaika? Mliowahi kufanya upelelezi au kazi za maabara, nisaidieni. Na tafadhali, msinishauri niweke viumbe wa kijani, hao nimeshawakataa.