Mchawi wangu avae deraya au aendelee na kitabu chake?

KitabuNaFimbo
Wakuu, naomba mawazo. Tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014. Mchawi wangu yuko ngazi ya 4, kikao kijacho anapanda ya 5. Nguvu 8, Wepesi 14, Ustahimilivu 12, Akili 18, Hekima 10, Haiba 13. Uhai 22. Vikao vitano vilivyopita kaanguka mara nne, na mara ya mwisho alishafeli dadu mbili za kifo, ikabaki moja tu azikwe.

Nafikiria hii ngazi ya 5 nichukue faita, yaani fani ya mpiganaji, badala ya kuendelea na uchawi. Ngazi moja tu. Nitavaa deraya ya wastani, nitashika ngao, kinga (namba ambayo dadu ya adui lazima iifikie ili anipige) itatoka 15 hadi 19. Msimamizi wetu anaruhusu kuchanganya fani, yaani mhusika mmoja kugawa ngazi zake kwa fani mbili. Nichanganye au nisichanganye? Nawasilisha.

Ngazi17
Usichanganye. Ngazi ya 5 ndipo fani yako inapoanza kulipa. Tufe la Moto hilo hapo, dadu nane za pande sita, wastani 28 kwa kila aliyemo ndani ya futi 20. Kuna Kuruka, kuna la kuzima tabano (uchawi wa kutamka) la adui kabla halijatoka mdomoni. Ukichukua faita unabaki na nafasi zako za kutabana kwa siku, nne za daraja la kwanza na tatu za la pili, zile zile za jana. Wenzako wamepanda, wewe umevaa bati. Mshika mbili moja humponyoka.

KitabuNaFimbo
Ndiyo maana mkono mmoja nashika ngao, wa pili nauacha mtupu wa kutabana. Hakuna kinachoponyoka hapo. Na hilo Tufe la Moto nitalirushaje nikiwa nimelala chifudifudi?

bintiRamli
Samahani naingilia. Mbona mnamwita "mchawi"? Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru watu. Huyu kwa maelezo yako anayedhurika ni yeye mwenyewe.

Kipanga
Hahaha. Mara nne ndani ya vikao vitano.

MzeeDadu
Vijana wa siku hizi mnaogopa kufa. Kwenye kanuni za 1978 mtu wa fani hii alikuwa anatupa dadu ya pande nne kupata uhai, na ngazi ya kwanza ana tabano MOJA kwa siku. Moja. Ukishalitumia unabeba tochi ya wenzako. Na binadamu hakuruhusiwa kuchanganya, waliochanganya ni wasio binadamu, elfi na wenzake, na kila alama ya uzoefu inagawanywa kwa fani zote. Binadamu akitaka fani nyingine anaiacha ya kwanza na kuanza upya, na sharti awe na 15 kwenye sifa kuu ya fani ya zamani na 17 kwenye ile mpya. Sasa wewe na 14 yako ya Wepesi unataka deraya.

KitabuNaFimbo
Kijana nani? Nina miaka 43. Na sharti la sasa ni 13 kwenye sifa kuu za fani zote mbili, faita anachagua Nguvu au Wepesi. 14 inatosha na inabaki.

MzeeDadu
Sikusema haitoshi. Nimesema unaogopa kufa.

fundi_mizungu
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja atifisa, fani ya fundi wa vifaa vya kichawi. Chukua ngazi moja ya atifisa. Inatumia Akili, ambayo unayo 18. Inakupa deraya ya wastani na ngao, sawasawa na faita. Na tofauti na faita, kwenye jedwali la kuchanganya ngazi zake hugawanywa kwa mbili na KUPANDISHWA juu, kwa hiyo hiyo ngazi moja inahesabiwa moja. Unapata nafasi mbili za daraja la tatu kama kawaida. Matabano yenyewe ya daraja la tatu utayasubiri ngazi moja, ila ya chini unaweza kuyatabana kwenye nafasi hizo za juu.

bintiRamli
Narudia, maana naona mmepita tu. Neno sahihi ni msihiri. Anafanya sihiri. Kajifunza kwa kusoma, hana ubaya na mtu.

Ngazi17
Mada ni kuchanganya fani, si kamusi. Mwite wizadi tuendelee.

bintiRamli
Wizadi si Kiswahili.

Kipanga
Dada, na sihiri ni Kiarabu. Kwa hiyo umelikataa la kwetu ukaleta la kuazima, halafu unamkataza mwenzako kuazima.

bintiRamli
Deraya nayo ni ya kuazima na unaivaa kila kikao. Neno likikaa miaka mia kadhaa kwenye mashairi limeshakuwa mwenyeji. Wizadi ameingia lini?

Kipanga
Basi tuziweke sawa fani zote za uchawi. Woloki ndiye mchawi haswa, maana ana mkataba na kitu asichotaka kukitaja. Sosera kazaliwa nayo, hajasoma hata ukurasa. Kleriki anapewa na mungu wake. Huyu wa kitabu abaki mwanafunzi wa kudumu.

Mgeni_wa_meza
Kwani "mganga" lina tatizo gani?

Kipanga
Mganga anatibu. Huyu kwenye kitabu cha wachezaji fani yake haina hata tabano la kufunga kidonda.

Ngazi17
Si kweli. Ngazi ya 17 anapata Ombi, nalo linaiga tabano lolote la daraja la nane kushuka chini, na ya kutibu yamo.

Kipanga
Sawa. Tutamwita mganga akifika ngazi ya 17.

Ngazi17
Cheka tu. Hiyo 17 ndiyo sababu hatakiwi kuchanganya. Daraja la tisa linaingia ngazi ya 17 ya wizadi, si ngazi ya 17 ya mhusika. Kila ngazi unayoipeleka faita inalisogeza mbele. Ukichukua nne, mwisho wa mchezo ni 20 na hulioni kabisa. Ya 18 unachagua tabano moja la daraja la kwanza na moja la pili, unatabana bila kutumia nafasi, siku nzima. Nani anakiacha kitu kama hicho kwa ajili ya ngao?

Kipanga
Mtu ambaye kampeni zake, yaani hadithi za vikao vingi, hazijawahi kuvuka ngazi ya 11. Yaani mimi. Yaani karibu kila ninayemjua.

Mgeni_wa_meza
Chukua kleriki ngazi moja. Nafasi za matabano hazipungui na unatibu.

KitabuNaFimbo
Hekima 10. Kleriki anataka 13. Nimeandika kwenye mstari wa tatu.

Kipanga
Nikiwa wewe ningechukua faita MBILI. Ngazi ya pili ana kile kitendo cha ziada mara moja kila akipumzika. Matufe mawili ya Moto zamu moja. Wastani 56. Zimwi linaondoka na kivuli chake.

Ngazi17
Hairuhusiwi. Matabano mawili kwa zamu moja ni marufuku.

Kipanga
Hiyo kanuni mnaikumbuka nusu nusu wote. Kanuni za 2014 zinasema ukitabana kwa kitendo kidogo cha ziada, tabano jingine la zamu hiyo lazima liwe dogo lile lisilotumia nafasi. Kitendo cha faita ni kitendo kizima. Hakiguswi.

Ngazi17
Kanuni za 2024 zimekizuia.

Kipanga
Kweli, za 2024 hicho kitendo cha ziada hakitumiki kwa uchawi. Yeye anacheza za 2014. Mstari wa kwanza kabisa.

Ngazi17
Na faita mbili Tufe la kwanza atalipata mhusika akiwa ngazi ya 7. Ataangalia wenzake wakila raha ngazi mbili nzima ili siku moja arushe mawili. Piga hesabu hiyo nayo.

MzeeDadu
Toleo la tatu, la mwaka 2000, mtu akichanganya alikuwa anakatwa asilimia 20 ya alama za uzoefu. Ndiyo adabu ilikuwepo.

fundi_mizungu
Mzee, si kila aliyechanganya. Ni pale fani zinapoachana zaidi ya ngazi moja, na fani pendwa ya kabila lako haikuhesabiwa. Kilichomuumiza wa kitabu toleo lile ni deraya. Ukivaa ile nzito ya bamba zima, tabano linaweza kuharibika kwa asilimia 35. Siku hizi ukiwa na ujuzi wa deraya unatabana kama kawaida, usipokuwa nao hutabani kabisa. Ndiyo maana watu wanatafuta ngazi moja ya kitu chenye deraya. Kama atifisa. Ambayo hakuna aliyeijibu.

MzeeDadu
Asilimia 35! Na tulicheza.

KitabuNaFimbo
Mzee, kwa heshima, ulicheza ukibeba tochi.

NgaoMbele
Nimetumiwa huu uzi na mtu wa meza yetu. Mimi ndiye faita wa meza hiyo. Shikamoo MzeeDadu.

Sasa tuongee. Huyu bwana hajawaambia kwa nini anaanguka. Tabano analolipenda kuliko yote ni Mikono ya Moto. Mnajua umbali wake? Futi 15. Anakuja mpaka mgongoni kwangu, ananipita, anasimama mbele ya zimwi, anakunjua vidole. Dadu tatu za pande sita. Zimwi halifi. Zamu ya zimwi ikifika, mbele yake kuna mtu wa uhai 22 aliyevaa kanzu. Mlitaka limpige nani, mimi wa kinga 20?

MzeeDadu
Marahaba.

Kipanga
Uzi umenoga.

KitabuNaFimbo
Wewe ungeziba njia nisingefikiwa na mazimwi. Kikao cha juzi ulikuwa wapi mbwamwitu watatu waliponizunguka?

NgaoMbele
Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pale ulipotuambia wote tusimame. Wewe ndiye uliyetoka.

KitabuNaFimbo
Nilitoka kwa sababu walikuwa wamejipanga mstari.

NgaoMbele
Ehe. Na kitabu chako nacho tukifungue hapa? Ulianza na matabano sita, ukaongeza mawili kila ngazi, jumla 12. Limo tabano la Ngao, lile la kinga +5 mpaka zamu yako inayofuata? Halimo. Limo la kujihamisha futi 30 kwa kufumba na kufumbua? Halimo. Limo la sahani inayoelea ya kubebea mizigo? LIMO. Limo la mtumishi asiyeonekana? Limo. Limo la kuelewa lugha. Mtu ana watumishi na hamali, hana kinga, halafu anakuja kuuliza avae deraya.

KitabuNaFimbo
Hayo ni ya ibada! Yakiwa kwenye kitabu nayatabana bila kuyaandaa na bila kutumia nafasi. Kuelewa lugha ndiko kulikokutoa wewe kwenye ule mlango wenye maandishi. Ulitaka kuuvunja kwa bega.

NgaoMbele
Na ungevunjika.

Ngazi17
Subirini. Hana tabano la Ngao? Ngazi ya 4? Basi faita aende zake. Akipanda ngazi ya 5 ya wizadi anapata mawili bure. Achukue Ngao na la kujihamisha, tatizo limekwisha, hakuna fani ya pili.

Kipanga
Yaani ngazi ya 5, uliyosema ndipo fani inapoanza kulipa, asichukue Tufe la Moto?

Ngazi17
Tufe atalinakili akipata kitabu cha adui.

Kipanga
Kitabu kipi? Umekiweka wewe kwenye kampeni yao?

Ngazi17
Wewe unabishana ili ubishane.

Kipanga
Nabishana kwa sababu jana ulisema mchanganyo ni kupoteza Tufe la Moto, leo Tufe la Moto linasubiri. Chagua moja.

bintiRamli
Turudi kwenye mada jamani. Nimefungua kamusi. Mchawi: mtu anayetumia nguvu za giza kudhuru. Naona hata huyu faita wao amethibitisha kuwa jamaa hajadhuru zimwi lolote.

KitabuNaFimbo
NIMEUA ZIMWI WAWILI PEKE YANGU.

bintiRamli
Mazimwi mawili. Ngeli ya ji-ma.

KitabuNaFimbo
Ndiyo viumbe hai, ni a-wa.

bintiRamli
Basi sema mazimwi wawili. "Zimwi wawili" halipo upande wowote.

MzeeDadu
Binti ana hoja.

fundi_mizungu
Atifisa. Ngazi moja. Akili 18. Nasema kwa mara ya mwisho.

KitabuNaFimbo
Mkuu nimeona, asante, nisamehe kwa kukupita. Ila msimamizi wetu anaruhusu kitabu cha wachezaji peke yake, na atifisa hayumo.

fundi_mizungu
Hilo ndilo ulilotakiwa kuandika mstari wa kwanza, badala ya Haiba 13 isiyosaidia kitu.

NgaoMbele
Hajawahi kuandika la maana mstari wa kwanza. Hata barua ya kumwomba mtawala wa mji atufungulie gereza aliianza na hali ya hewa.

Kipanga
Swali la mwisho kwa mwenye mada. Umeamua nini? Faita au kitabu?

KitabuNaFimbo
Nilikuwa naelekea faita. Sasa huyu amejitokeza humu, nikichukua faita atasema meza nzima namuiga.

NgaoMbele
Nitasema.

KitabuNaFimbo
Unaona. Basi nachukua ngazi ya 5 ya uchawi. Ngao na Tufe la Moto, moja kila upande, Ngazi17 na Kipanga mfurahi wote. Lakini Mikono ya Moto siiachi.

NgaoMbele
Kikao kijacho nasimama futi 20 mbele yako. Ukinifikia hapo na vidole vyako, nakuacha.

Mgeni_wa_meza
Nimesoma haraka haraka. Kleriki umefikiria?