Stika kwenye pikigadi ya besi

Muulizaji, Bagamoyo:
Wakuu, pikigadi (kile kibao cha plastiki kinacholinda mbao) ya gitaa langu la besi aina ya Precision imepauka. Nataka kuibandika stika nyeusi, ile ya kwenye bajaji. Hewa ya chumvi huku haitaibandua?

Jibu:
Mdogo wangu, itakaa. Fungua skrubu zote 13, vua vitufe vya sauti na nati zake, futa mafuta ya vidole kwa spiriti. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo, laza stika, sukuma mapovu kwa kadi ya benki kuanzia katikati. Kwenye kona pasha na draya ya nywele. Ikikauka kabisa, kata stika iliyozidi kwa wembe mpya. Jamani, mpya!

Jibu la pili:
Chumvi inakula skrubu, siyo stika. Na ile foili ya nyuma ya pikigadi usiibandue, inapunguza mvumo wa umeme kwenye spika.

Muulizaji:
Shukrani kaka zangu. Jumamosi tuna harusi Dunda, napiga ikiwa nyeusi.